Kubadilisha namba ya simu na anwani kwenye chipu ya mbwa au paka Uingereza: unalipa nini, unamlipa nani, na wapi usilipe

Ndugu zangu mnaofuga mbwa na paka huku Uingereza, hii ni ya kwenu. Sisi ni watu wa kuhamahama, leo uko chumba cha kupanga Reading, mwakani umepata nyumba Milton Keynes, laini ya simu umeibadilisha sababu ya ofa ya data, barua pepe ya zamani hata pasiwedi yake huikumbuki, halafu paka ana chipu shingoni ambayo taarifa zake bado zinasema mnaishi kule kule kwa zamani. Siku akipotea, msamaria mwema akamwokota akampeleka kliniki, wakamskani, namba wanayoipiga ni ile laini uliyoitupa. Chipu nzima, inasomeka vizuri kabisa, ila paka harudi nyumbani.

Na wengi hawajaacha kubadilisha kwa uvivu, hapana. Mtu anaingia kwenye tovuti abadili namba tu, anakutana na ukurasa wa malipo, haelewi hiyo hela ni ya mara moja au ya kila mwaka, hana uhakika kama hao ndio wenyewe au ni matapeli, anafunga anasema nitafanya kesho. Sasa tuipitie hatua kwa hatua ili ujue hela yako inaenda wapi, na wengine mtakuta mnaweza kulipa kidogo sana au msilipe kabisa.

Kwanza ujue malipo yanatoka wapi

Chipu yenyewe haina jina lako wala simu yako. Ni kidude cha saizi ya punje ya mchele, kinawekwa chini ya ngozi katikati ya mabega, hakina betri, hakina GPS, kazi yake ni moja tu, mashine ikipita juu yake kinatoa namba, kwa kawaida ya tarakimu 15. Basi. Jina lako, anwani na simu vinakaa kwenye databesi, yaani hifadhi ya kumbukumbu kwenye kompyuta, na hapo ndipo penye biashara, maana serikali ya Uingereza haina databesi yake ya chipu. Ziko zaidi ya 20, zinaendeshwa na kampuni na taasisi mbalimbali, Petlog ndio jina ambalo wengi mmelisikia lakini haiko peke yake, na kila moja inajipangia ada zake. Ndio maana mwenzako anakwambia mimi nilibadilisha bure na wewe unaambiwa toa hela, wote mnasema kweli, ni kwamba wanyama wenu hawako sehemu moja.

Upande wa sheria kwa kifupi: mbwa England, Wales na Scotland lazima awe na chipu tangu tarehe 6 Aprili 2016, akifikisha wiki 8 awe nayo tayari. Paka ni England, kuanzia 10 Juni 2024, awe nayo kabla hajafika wiki 20. Na chipu peke yake haitoshi, taarifa zinatakiwa ziwe za sasa, zikiwa za zamani unahesabika hujatimiza. Wakikukamata wanakupa notisi ya siku 21 urekebishe, ukipuuza faini inafika hadi pauni 500. Kwa hiyo ukipiga hesabu ya ada, weka na hiyo faini pembeni.

Hatua ya kwanza: ipate namba ya chipu, na uipate sahihi

Tafuta kwenye kadi ya chanjo, karatasi za bima, au mkataba uliosaini ulipomchukua mnyama kwenye kituo cha uokoaji. Kama huioni, nenda kliniki uombe wamskani, nyingi wanafanya bure na haichukui hata dakika. Nesi anapitisha kile kimashine taratibu kuanzia shingoni, mabegani, anashuka ubavuni kwa sababu chipu nyingine zinahama kidogo chini ya ngozi, kinalia pii, namba inatokea kwenye kioo kidogo. Hapo usikubali aiandike kwenye kikaratasi cha kubandika halafu akupe tu. Toa simu piga picha kioo chenyewe. Mwandiko wa haraka unageuza 1 kuwa 7 na 0 kuwa 6, na ukikosea tarakimu moja kati ya 15 utatafuta databesi hadi uchoke, au mbaya zaidi utajisajili kwenye namba ya mnyama wa mtu mwingine.

Ukishaipata iandike kwa mafungu, tatu kwanza halafu nne nne nne, ni rahisi kuisoma kwenye simu ukiwapigia. Ihifadhi sehemu ambayo hata simu ikiibiwa utaikuta, mimi naona sehemu nzuri ni kujitumia kwenye barua pepe na kumtumia mtu mmoja wa nyumbani.

Hatua ya pili: jua mnyama wako yuko databesi gani

Hapa ndipo watu wanapoliwa hela, naomba mpasome taratibu.

Usiende Google ukaandika unataka kubadilisha taarifa za chipu halafu ukabonyeza kitu cha kwanza kinachotokea. Vya juu mara nyingi ni matangazo ya kulipia, na tovuti inayojitangaza siyo lazima iwe ndiyo yenye rekodi ya mnyama wako. Unafika, ukurasa mzuri, picha ya mbwa anacheka, wanakuomba namba ya chipu, unaingiza, wanakuomba jina na anwani, unaingiza, wanakuomba kadi. Unalipa, unapata cheti, unafurahi. Kumbe ulichofanya ni kumsajili mnyama upya sehemu nyingine, na ile rekodi ya zamani yenye namba ya zamani bado iko hai kwenye databesi ya kwanza. Sasa ana rekodi mbili. Kliniki wakitafuta wanaweza wakaangukia ile ya zamani, na hela yako imeenda.

Njia sahihi ni hii. Ingia kwenye tovuti ya kutafutia inayoitwa Check a Chip, au nenda kwenye gov.uk kwenye ukurasa wa chipu za mbwa na paka, pale kuna orodha ya databesi zinazokidhi masharti ya serikali. Databesi yoyote iliyo kwenye orodha hiyo ina sehemu ya kuingiza namba ya chipu, na hata kama mnyama hayuko kwao watakuonyesha yuko kwa nani, hilo ni sharti lao la kisheria. Kutafuta ni bure. Ukiona sehemu inakudai hela ili tu ikwambie mnyama yuko wapi, toka.

Majibu yanaweza kuja kwa namna tatu. Ya kwanza, inatokea databesi moja, safi, nenda kwao moja kwa moja kwa kuandika anwani ya tovuti yao mwenyewe au kubonyeza linki iliyotokea pale pale kwenye matokeo. Ya pili, zinatokea mbili, basi angalia ipi ina taarifa za sasa, na ile nyingine waandikie waifute au waisahihishe, usiiache ielee. Ya tatu, haitokei popote. Hii inatokea sana kuliko watu wanavyodhani, chipu iliwekwa lakini fomu haikutumwa. Rudi kwa aliyeiweka, kliniki au kituo, waulize mlisajili wapi na lini, kama jukumu la kutuma lilikuwa lao na hawakutuma basi wao ndio wa kulimaliza, usikimbilie kulipa kabla hujawasikia.

Na jamani, kumwambia daktari wa mifugo kwamba umehama hakubadilishi chochote kwenye databesi ya chipu. Wanabadilisha faili lao la kliniki, ile ya kukutumia ujumbe wa chanjo. Bima vivyo hivyo. Hivi ni vitu vitatu tofauti na kila kimoja unakibadilisha peke yake.

Hatua ya tatu: soma ada kabla hujaingiza kadi

Ada ziko za aina kama nne hivi, na kampuni moja inaweza kuwa na zaidi ya aina moja, kwa hiyo usikubali ile tu waliyoiweka juu kwa maandishi makubwa.

Kuna bure. Zipo databesi zinazokuruhusu kubadili taarifa bila kulipa, au zinakupa bure ukifanya mwenyewe mtandaoni na zinakutoza ukipiga simu au kutuma fomu ya karatasi. Hii tofauti ya mtandaoni na simu angalieni, wazee wetu wengi wanapiga simu kwa sababu ndio njia waliyoizoea halafu wanalipia kitu ambacho mtoto angekifanya bure.

Kuna ya kulipa kila unapobadilisha. Kuna ya kulipa mara moja ikakufaa maisha yote ya mnyama, ubadilishe mara ngapi shauri yako. Na kuna ya kila mwaka, ambayo mara nyingi inakuja na mambo mengine kama kutangaza mnyama amepotea kwa kliniki za jirani, simu ya dharura, hata kibao cha kuweka kwenye mkufu.

Tupige hesabu kwa namba za mfano tu, ada halisi utaikuta kwenye ukurasa wa kampuni yako. Tuseme kubadilisha mara moja ni pauni 10, ya maisha ni pauni 25, ya mwaka ni pauni 15. Paka wa ndani anaishi miaka 15 bila shida. Ukichukua ya mwaka na ukaisahau ikawa inajikata yenyewe, hiyo ni pauni 225. Ukichukua ya maisha umemaliza na 25. Ya kila badiliko, ukihama mara mbili tu katika maisha yake ni 20, ukihama mara tatu ni 30 umeshapita ya maisha. Kwa hiyo mtu mwenye nyumba yake, simu ile ile miaka nenda rudi, alipe kwa badiliko. Mwanafunzi, mtu wa chumba cha kupanga, mtu wa mikataba ya kazi ya muda, achukue ya maisha kama ipo. Ya mwaka mimi sikushauri, labda kama una mbwa wa kutoroka toroka na zile huduma za ziada kweli utazitumia, na hata hapo soma kwanza kama kutoa taarifa ya mnyama kupotea kunataka uwe umelipia, maana sehemu nyingine huduma hiyo imewekwa ndani ya kifurushi cha kulipia.

Ukifika ukurasa wa malipo tulia. Angalia viboksi. Huenda kuna kimoja kimeshawekewa tiki tayari, kiko chini ya kitufe kikubwa cha rangi, maandishi yake ni ya kijivu na madogo, kinasema uanachama utajihuisha wenyewe kila mwaka. Kitoe tiki. Kama hakitoki, rudi nyuma utafute chaguo la kulipa mara moja, lipo mara nyingi ila limefichwa kwenye linki ndogo ya "endelea bila uanachama" au maneno ya namna hiyo. Kisha waulize kwa maandishi swali moja: nikiacha kulipa mwaka kesho, rekodi yangu ya msingi inabaki au inaondoka? Jibu lao liweke.

Na kama tayari unakatwa kila mwaka na umechoka, una haki ya kuiambia benki yako isimamishe malipo ya kujirudia kwenye kadi, huhitaji ruhusa ya kampuni. Ila kwanza hakikisha rekodi ya msingi imebaki na namba ya simu ni ya sasa, usije ukajikata mwenyewe.

Hatua ya nne: njia halali za kutolipa au kulipa mara chache

Kubwa kuliko zote, usiache namba yako ya simu. Badiliko linalowagharimu watu wetu mara nyingi siyo kuhama nyumba, ni kubadili laini. Ukitaka kuhamia mtandao mwingine wa simu huku, tuma neno PAC kwenda 65075 kutoka kwenye laini yako ya sasa, bure, utatumiwa namba maalumu ya kuhamia papo hapo, inafanya kazi siku 30, unaipa mtandao mpya na namba yako ile ile inahamia kwao. Ofa umepata na namba hujaipoteza, na chipu, benki, shule ya mtoto, vyote vinabaki sawa. Hii ni hata kwa laini za kulipa kadri unavyotumia, siyo za mkataba peke yake.

Pili, kusanya mabadiliko. Kama unalipa kwa badiliko, usibadilishe simu leo, anwani wiki ijayo, mtu wa pili wa kupigiwa usipopatikana mwezi ujao. Kaa chini mara moja andika vyote: jina kamili, anwani na posikodi, simu, barua pepe, mtu wa pili, na taarifa za mnyama mwenyewe. Ila kama simu imekufa na anwani mpya bado hujaipata, usisubiri, badilisha simu kwanza hata ikibidi kulipa mara mbili. Simu ndio inayomrudisha mnyama, anwani ni ya ziada.

Tatu, makosa yasiyo yako usiyalipie kirahisi. Kama kliniki walikosea tarakimu ya simu, au jina lako Mwanahamisi wameandika wanavyojua wao, mwandikie mwenye databesi ueleze kwamba taarifa iliingizwa vibaya tangu mwanzo na unaomba isahihishwe. Sheria ya Uingereza ya ulinzi wa data inakupa haki ya kusahihishiwa taarifa zako zisizo sahihi, kwa kawaida bila malipo, na wanatakiwa wakujibu ndani ya mwezi mmoja. Andika kwa adabu, taja namba ya chipu, ambatisha karatasi ya kliniki yenye tarehe.

Nne, mnyama akifariki waarifu waifunge rekodi, waulize na hapo kama kuna malipo, ila kama una uanachama wa mwaka fanya mapema kabla tarehe ya kukatwa haijafika.

Hatua ya tano: kubadilisha kwenyewe

Ingia kwenye akaunti. Kama barua pepe ya zamani huna tena usifungue akaunti mpya, wapigie. Watakuuliza namba ya chipu, anwani ya zamani, jina la mnyama, labda na jina la kliniki, kwa hiyo uwe na karatasi mkononi kabla hujapiga.

Simu iandike kwa mtindo wa kimataifa, +44 halafu namba bila sifuri ya mwanzo. Anwani ichague kwenye orodha inayotokea ukiandika posikodi, na hakikisha namba ya flati imeingia, maana jengo lina watu 60 na mbwa wako ni mmoja.

Mtu wa pili ni muhimu sana kwetu. Tunaenda nyumbani Desemba, wiki nne tano uko Tanga au Mombasa, laini ya Uingereza iko kwenye droo, mbwa umemwacha kwa shemeji Luton. WhatsApp haitakusaidia, kliniki wanapiga simu ya kawaida. Kwa hiyo jaza mtu wa pili aliyeko Uingereza muda wote, na umwambie kabisa, "dada, ukiona namba usiyoijua inapiga wakati mimi niko nyumbani, pokea, inaweza ikawa kliniki." Watu wetu namba wasizozijua hawapokei, wanaogopa matapeli na wana haki, ndio maana inabidi ajue mapema. Ukimweka mtu wa kudumu hutalazimika kulipia kubadilisha kila safari.

Ukimaliza piga skrinishoti ya ukurasa unaoonyesha taarifa mpya, hifadhi risiti, halafu kesho yake rudi kwenye ile tovuti ya kutafutia uingize namba tena uhakikishe databesi ile ile ndiyo inayotokea. Kama waliahidi barua ya uthibitisho na haijaja, wakumbushe.

Mnyama akibadilisha mikono

Ukinunua au kupewa mbwa, kubadilisha jina kwenda kwako ni kazi tofauti na kubadilisha simu, na ada yake inaweza kuwa tofauti pia. Databesi itataka kibali cha mtu ambaye jina lake liko kwenye rekodi sasa, ama kwa namba ya siri ya kuhamishia anayokupa yeye, ama wao wanamtumia ujumbe na kumpa muda wa kupinga. Kwa hiyo kabla hela haijatoka mkononi, mwambie muuzaji afungue simu pale pale mbele yako, aingie kwenye akaunti, aanzishe kuhamisha. Akisema nitafanya jioni, wewe subiri hiyo jioni ndio ulipe. Kisheria hatakiwi kukukabidhi mbwa ambaye hajawekewa chipu, na mtoto wa mbwa anatakiwa awe amesajiliwa kwanza kwa jina la aliyemzalisha. Kuhusu nani alipe ada ya kuhamisha, hilo mnapatana, lakini lipatane wazi. Na mjue kwamba jina kuwa kwenye databesi haligeuki kuwa hati ya umiliki, hivyo risiti ya kununulia itunze.

Waliokuja na mnyama kutoka nyumbani

Hapa wengi wanachanganya. Umemleta mbwa kutoka Nairobi au Dar, amepitia yote, chipu kwanza ndio chanjo ya kichaa cha mbwa ikafuata, damu ikapimwa baada ya siku 30 au zaidi, ukasubiri miezi mitatu, cheti kikajaa mihuri. Namba ya chipu iko kwenye cheti, lakini hiyo siyo kusajiliwa. Mtu wa kliniki ya Leeds akimskani atapata namba isiyojulikana kwenye databesi yoyote ya huku. Sheria inakupa siku 30 tangu kumwingiza nchini umalize mambo ya chipu. Habari njema, huhitaji kumchoma nyingine kama ile inasomeka na mashine za kawaida za huku, unachohitaji ni kuisajili namba hiyo hiyo kwenye databesi mojawapo ya ile orodha ya gov.uk. Na kwa sababu unaanza upya, wewe ndio unachagua, kwa hiyo linganisha ada za kubadilisha baadaye, usiangalie ada ya kujisajili tu. Databesi ya kujisajili rahisi na kubadilisha ghali itakumaliza ukiwa unahamahama.

Usipofanya, gharama inakuja kwa mlango mwingine

Mbwa akiokotwa na kaunsili (halmashauri ya eneo lako), wanamskani wakimtafuta mwenyewe. Wasipokupata wanamweka siku 7, baada ya hapo wanaruhusiwa kumpa mtu mwingine, au hata kumlaza moja kwa moja, yaani kumuua. Ukimpata ndani ya muda unalipa pauni 25 za kisheria na juu yake gharama ya banda kwa kila siku aliyolala pale, pengine na daktari kama alitibiwa. Siku mbili tatu tu umeshapita ada ya maisha kwenye databesi nyingi.

Mkufu nao usiusahau. Sheria ya mwaka 1992 inataka mbwa akiwa sehemu ya umma avae mkufu wenye jina na anwani ya mwenye mbwa, chipu haiondoi hilo. Ongeza na simu pale, jirani akimkuta anakupigia bila kutafuta mashine, na kibao kipya ukihama ni pauni chache.

Kwa walioko Marekani

Mfumo ni huo huo wa kampuni nyingi, ila hakuna sheria moja ya nchi nzima. Tovuti ya kutafutia ni ya AAHA, chama cha hospitali za wanyama cha huko, unaingiza namba inakuonyesha msajili gani ana rekodi. AKC Reunite wanatoza mara moja kwa maisha, HomeAgain wana uanachama wa kila mwaka lakini ukiacha kulipia usajili wa namba haufutwi, kwa hiyo ukiona barua ya kukutisha kwamba muda umeisha isome vizuri, kinachoisha ni zile huduma za ziada. Jambo la kuangalia haraka: msajili mmoja wa Texas, Save This Life, alifunga ghafla mwaka 2025. Chipu zake nyingi zinaanza na 991 au 900164. Kama ya mnyama wako inaanza hivyo, chipu bado inasomeka lakini nyuma yake hakuna mtu wa kupokea simu, isajili kwa msajili mwingine leo.

Mara ngapi ucheki

Funga na chanjo ya kila mwaka. Ukimpeleka, mwombe nesi amskani hapo hapo, muone inasoma na haijahama kwenda begani, halafu ukiwa kwenye kiti cha kusubiri ingiza namba kwenye simu uone databesi gani inatokea na uingie kwenye akaunti kuangalia simu yako na ya mtu wa pili. Kama kuna kitu kimebadilika unakimaliza kabla hujaitwa ndani.